Mikono Themanini ya Kushoto

Kwanza tuelewane: Mama Mkasi hakuwa mtu wa mchezo. Jina lile hakupewa kwa kuwa alishika mkasi, maana karakana nzima ya kushona sare ilishika mikasi. Alipewa kwa sababu ya ulimi. Ukichelewa dakika tano, anakukata. Ukija na harufu ya pombe ya jana, anakukata mara mbili, halafu anawaita wenzako waje waone vipande. Marehemu mumewe alikuwa mlevi wa kuokotwa barabarani na kurudishwa nyumbani kwa mkokoteni, na mama wa watu aliapa kwamba akishamzika huyo, hatamvumilia mlevi mwingine maishani mwake. Alimzika, na kiapo akakishika. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye meza ya kukatia, mkubwa wa wakataji wote, na hakuna aliyewahi kumwona akiyumba.

Meza yenyewe ilikuwa ndefu, hatua kumi na tano kutoka ncha hadi ncha. Ncha moja alisimama yeye, ncha ya pili alisimama Kimya. Huyu Kimya, mwanamke mwenzake, ndiye aliyekuwa mtandikaji: kazi yake ni kuvuta kitambaa kutoka kwenye jora na kukitandaza mezani, tabaka juu ya tabaka, mpaka mkataji aseme basi. Ungeweza kufanya naye kazi kutwa nzima ukajua yupo kwa sababu tu kitambaa kinasogea. Walikuwa mashoga wa miaka kumi na mmoja. Walikula pamoja, walisindikizana kwenda na kurudi, na Mama Mkasi alipofiwa, Kimya ndiye aliyehamia kwake wiki mbili nzima akimpikia na kumlazimisha kula.

Sasa, kazi ya meza ile ina utaratibu wake. Kitambaa cha makoti kina uso na kina mgongo. Uso unang'aa, mgongo una manyoya. Kabla jora halijafunguliwa, mkataji anatoa amri. Akisema "Uso kwa uso!", mtandikaji anaitikia vilevile, "Uso kwa uso!", na tabaka zinalazwa zikitazamana. Hapo pateni moja, yaani kiolezo cha karatasi cha mkono wa koti, inatoa mikono ya kulia na ya kushoto kwa mpigo mmoja. Akisema "Uso juu!", tabaka zote zinatazama upande mmoja, na mkataji mwenyewe lazima akumbuke kulaza pateni mbili, la sivyo ni balaa. Amri ikishatoka, mkataji anaiandika kwa chaki pembeni mwa meza, na mtandikaji haulizi mara mbili. Sheria hiyo aliitunga nani? Mama Mkasi huyo huyo.

Mwaka ule mambo yakaanza kumwendea kombo.

Ilianza na njaa ya ajabu ya asubuhi. Si njaa ya tumbo kunguruma, hapana. Njaa ya mwili mzima. Mikono inatetemeka, jasho la baridi linamtoka kwapani na shingoni, mtu mmoja anamwona wawili, maneno yanakwama ulimini. Akitia kitu kitamu mdomoni, dakika chache tu, dunia inarudi mahali pake. Basi akawa mtu wa vitamu. Peremende kwenye pochi, peremende chini ya mto, sukari imefungwa kwenye vikaratasi ndani ya mfuko wa aproni. Akanenepa mpaka magauni yakamkataa. Wenzake wakamtania, "Mama Mkasi umenawiri, huyo mchumba anakulisha nini?" Alicheka nao, na moyoni alitamani ardhi ipasuke immeze.

Fikiria mwenyewe. Bibi wa wajukuu watatu, mtu ambaye watu wazima wanamwamkia kwa adabu, amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha chai analamba sukari kutoka kiganjani. Siku bosi alipolalamika kwamba sukari ya chai inaisha upesi, unajua nani alifoka kuliko wote? Yeye! "Nani huyo mwizi asiye na haya? Ajitokeze!" Alifoka hivyo na sukari ikiwa mfukoni mwake. Usiku alipolikumbuka neno lile alijifunika shuka usoni, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Tena kulikuwa na asubuhi ambazo zilimpotea kabisa. Binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta siku moja jikoni anapanga viatu ndani ya sufuria, anaongea kilevi, macho hayamtambui mtu. Akamnywesha chai. Mama alipozinduka, binti aliuliza taratibu, bila kumtazama, "Mama, jana ulikunywa nini?"

Ah! Bora angemzaba kibao. Mama Mkasi akaenda kuvitoa viatu sufuriani. Baadaye alimwona binti yuleyule akinusa kikombe chake kabla ya kukiosha, na hapo ndipo aliponyamaza kabisa kuhusu hali yake. Hospitali hakwenda. Angesema nini kule? Daktari, mimi naiba sukari, na asubuhi nyingine sijui nimefanya nini? Wangemwita mlevi au mwendawazimu, na katika hayo mawili hakujua lipi lingekuwa afadhali.

Ikafika siku ya makoti ya walinzi. Kazi kubwa, ya haraka; Mama Mkasi alitoka nyumbani mbio bila kutia kitu kinywani, na peremende aliziacha kitandani. Ilikuwa zamu ya kukata mikono. Alisimama kwenye ncha yake, jasho linamchuruzika, akatoa amri, "Uso juu!"

Kimya, ambaye haulizi, siku hiyo aliuliza. "Uso juu, shoga? Kwa mikono?"

"Tandika!"

"Uso juu," akaitikia Kimya, akatandika. Tabaka themanini. Mama Mkasi akalaza pateni moja, moja tu, akashika kisu cha umeme, akakata. Alikata vizuri ajabu, pembe zote safi. Mkono ulikuwa unaijua kazi hata mwenyewe alipokuwa hayupo. Haya yote alikuja kusimuliwa. Yeye anachokumbuka ni kikombe cha chai mkononi, chai tamu ya kukwaruza koo. Kimya ndiye aliyemletea. Alikuwa akimletea chai ya namna hiyo kwa wiki kadhaa, bila kuulizwa na bila kumwambia mtu.

Aliinywa yote. Alikaa juu ya gogo la jora, akajipangusa, na taratibu akili ikarudi: hii ni meza, yule ni Kimya, leo ni makoti. Alikuwa ameshasimama na kufunga aproni upya vizuri, ndipo kelele zikasikika upande wa cherehani.

"Jamani! Njooni muone! Hii mikono yote ya kushoto!"

"Yote?"

"Yote! Hao walinzi wamezaliwa wapi?"

Kicheko kikalipuka karakana nzima. Bosi akatoka ofisini kwake bila kucheka. Mama Mkasi alimwona akija kwa mbali, akipita katikati ya safu za cherehani, na akainamisha macho kwenye pembe ya meza. Pale kulikuwa na chaki: USO JUU. Herufi zimeegemeana, moja imeangukia nyingine. Hakukumbuka kuziandika hata kidogo. Lakini ile J yenye mkia ilikuwa yake, hakuna mwingine aliyeiandika hivyo, na alielewa papo hapo, kama mkataji wa miaka kumi na tisa, kilichotokea na nani amekifanya.

Bosi alikuwa bado hatua kumi hivi. Mama Mkasi akaegemea meza, akaburuta kiwiko juu ya maandishi, mara ya kwanza, mara ya pili. Yakafutika.

"Nani kaniharibia kitambaa?" bosi aliuliza. "Kuna mtu kalewa hapa?"

Neno lile, kulewa, lilimpata pabaya. Aliona watu wote wakimtazama yeye, na jasho lake, na uzito wake, na kikombe chake. Akasema, tena kwa sauti yake ileile ya kukata, "Mimi nilimwambia uso kwa uso. Sijui akili yake leo kaiacha wapi."

Kimya alimtazama. Hakukasirika, hapana, ingekuwa nafuu. Alimtazama akingoja, mtu anayejua kwamba mwenzake sasa hivi atajirekebisha. Bosi akamwuliza, "Na wewe unasemaje?" Akasema, "Nimetandika nilichoambiwa." Bosi akauliza, "Umeambiwa na nani?" Kimya akaendelea kumtazama shoga yake. Mama Mkasi akaanza kupanga pateni ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Bosi akamfukuza palepale, mbele ya wote, na saa sita mchana Kimya alikunja aproni yake, akaiweka juu ya meza, akaondoka. Wiki haikuisha, mtaa mzima ukawa unamwita Kushoto. Akipita, wahuni wananyoosha mkono wa kushoto kumsalimia. Alianza kufua nguo za watu, na Mama Mkasi akaanza kupita njia ya mzunguko, robo saa zaidi, ili asiione kamba ya kuanikia nguo iliyokuwa mbele ya nyumba ya Kimya.

Mimi simtetei. Aliyajua aliyofanya, aliyajua kila siku. Mara tatu aliamua kwenda kwa bosi kusema ukweli, na mara zote tatu aliishia chooni, akanawa uso, akarudi mezani. Angesema nini? Akisema aliandika asichokikumbuka, ndiyo ametangaza ulevi. Akinyamaza, mwenzake anafua. Akanyamaza.

Lakini mwili haukunyamaza. Asubuhi moja binti alimkuta uani, gauni kalivaa ndani nje, anamimina unga kwenye ndoo ya nguo chafu, na kila akiulizwa anajibu, "Themanini, themanini." Safari hii binti hakumnywesha chai kwanza. Alimshika mkono, akampeleka zahanati vilevile alivyo, watu wakitazama. Muuguzi akamtoboa kidole, akaangalia kipimo, akatoboa kidole kingine.

"Mama huyu anatumia dawa za kisukari?"

"Hana kisukari," binti alijibu.

"Basi kuna kitu. Sukari yake iko chini sana. Ajabu ni kwamba bado amesimama."

Wakampa sukari ya kwenye mshipa, wakaandika karatasi, wakampeleka hospitali kubwa. Kule akapokelewa na daktari wa homoni, mwanamke mfupi mwenye kalamu nne mfukoni, ambaye alisikiliza habari zote mpaka mwisho bila kukunja uso. Alisikiliza hata ile ya kuiba sukari. Kisha akasema kwamba kuna kipimo, na kipimo chenyewe ni njaa: atalazwa, hatakula, atakunywa maji tu, na atachukuliwa damu kila baada ya saa kadhaa, hata kwa siku tatu, mpaka hali ile ije mbele ya macho yao.

"Yaani nichanganyikiwe huku mnanitazama?"

"Ndiyo, mama."

"Na binti yangu akiwepo?"

"Akitaka."

Alitaka kukataa. Jamani, kuna mtu anayependa kuvuliwa akili mbele ya watu? Lakini alikubali, na asubuhi ya pili, akiwa ameketi kitandani, alianza kumwamuru muuguzi atandike shuka uso kwa uso, akamtukana, akalia, akavua kilemba akakivaa mguuni. Muuguzi alichukua damu haraka, ndipo wakamrudisha kwa sukari. Alipozinduka alimkuta binti amekaa chini sakafuni, kichwa kati ya magoti, anasema, "Nisamehe mama, mimi nilikuwa nanusa vikombe vyako."

Majibu yalipotoka, na picha za tumbo zilipopigwa, daktari aliwaeleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu baada ya kula. Kwenye kongosho la Mama Mkasi kumeota uvimbe, mdogo, haufiki punje ya mahindi, si saratani kwa kadiri wanavyouona, na kazi yake usiku na mchana ni kumwaga insulini, mtu ale asile. Asubuhi, tumbo tupu, ubongo unakosa sukari. Mtu anayumba, anachanganyikiwa, anasahau.

"Aina hizi za uvimbe ni vigeugeu," daktari aliendelea. "Mwingine unaota juu ya figo, unamwaga homoni inayokimbiza moyo. Mtu anatoka jasho na kutetemeka, akiulizwa swali dogo tu watu wanasema huyu ana hatia. Mwingine unaota kwenye tezi chini ya ubongo. Nilimtibu fundi mwashi, mwanaume mwenye ndevu zake, alitokwa na maziwa. Alijificha mwaka mzima, akijifunga kitambaa kifuani. Wagonjwa wangu hawacheleweshwi na umbali, mama. Wanacheleweshwa na aibu. Kwa hiyo yote uliyoyafanya asubuhi zile, usijilaumu. Si wewe. Ni uvimbe."

Binti alilia kwa faraja. Mama Mkasi alibaki akiitazama ile bahasha.

"Daktari," alisema, "nikishakunywa chai ya sukari, akili inarudi yote?"

"Yote, mama. Baada ya robo saa wewe ni mzima kabisa."

Daktari alidhani anamfariji.

Binti hakukawia. Siku ileile alimpigia bosi simu, na bosi naye, mtu mwenye roho laini chini ya ukali wake, akaunganisha mambo, akawatangazia wafanyakazi: Mama Mkasi hakuwa mlevi, alikuwa mgonjwa, amri ile ya mikono aliitoa mwenyewe bila kujitambua, na wala hakukumbuka. Kwa hiyo Kimya hana kosa, na arudi kazini kesho. Kila kitu kikapangika bila Mama Mkasi kufumbua mdomo. Watu walimletea maua na kadi hospitalini. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, kovu likabaki ubavuni, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka aliamka asubuhi akakaa saa nzima bila kula, mikono imetulia. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Pole, haikuwa wewe." Alikuwa akiitikia, "Ahsante." Kila ahsante ilimchoma kuliko mshono.

Kimya hakufika hospitalini. Alituma salamu kwamba kazi zimebana, ataonana naye mezani.

Baada ya miezi miwili Mama Mkasi alirudi. Cherehani zilikuwa zinanguruma zote, na wachache waliomwona akiingia walipunga mikono. Alitembea mpaka kwenye meza ya kukatia. Kimya aliacha jora, akaizunguka meza yote, akamkumbatia. Na yule mwanamke asiyesema akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema kwa mkupuo mmoja.

"Shoga, mimi sikuumia kwa ajili ya kazi. Hata kufua ni kazi. Hata lile jina walilonipa nililizoea. Nilichoumia ni kujiuliza, hivi huyu kanisingizia kwa makusudi? Mimi na yeye? Nilikuwa nakosa usingizi. Walipotuambia hukuwa unajitambua, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Basi. Yameisha."

Yameisha. Neno moja tu, alirudie, na yangeisha kweli. Hakuna binadamu ambaye angekuja kujua. Na zaidi ya hapo, kusema kungemrudishia Kimya kidonda ambacho ndiyo kwanza kimefunga. Mama Mkasi aliyapima yote hayo akiwa bado mikononi mwa mwenzake, shavu lake kwenye bega la yule mwanamke, na aliona aibu. Akajitoa.

"Niliiona chaki," alisema.

"Chaki gani?"

"Niliandika uso juu. Kuandika sikumbuki, hilo ni la ugonjwa. Lakini niliisoma, bosi akiwa anakuja, nikaifuta kwa kiwiko. Ulikuwa umeshanipa chai, na nilikuwa nimeshaimaliza. Nilijua ni mimi. Nikasema ni wewe."

Kimya alibaki na mikono imening'inia. Mama Mkasi alingoja tusi, akalitamani. Halikuja.

"Kumbe," Kimya alisema. Akaunyoosha mkunjo wa kitambaa mezani, akasema tena, "Kumbe."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Hilo la kusamehe sijui. Usiniulize leo." Akageuka, akatazama safu za cherehani, vichwa vimeinama, watu waliokuwa wamecheka siku ile mpaka wakashika mbavu. "Waambie na wao."

"Sasa hivi?"

"Mimi nilifukuzwa mbele yao."

Mama Mkasi alikwenda ukutani, akashusha swichi kubwa. Cherehani zikazima, vichwa vikainuka. Walipomwona ni yeye wakatabasamu, wakadhani anataka kuwashukuru kwa maua na kadi, na mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, mpaka bosi akatoka ofisini naye akipiga. Aliwaacha wapige hadi wakamaliza. Alikuwa akitetemeka, na safari hii hakuna peremende ambayo ingemsaidia.

"Ile siku ya mikono," alisema, "niliposema ni Kimya, nilikuwa na akili zangu timamu."